Oili ya Usukani: Inavyosukuma na Namna ya Kuibadilisha Nyumbani

Zima injini ya gari dogo lililosimama kwenye sakafu ya saruji, acha funguo kwenye switchi ili usukani usijifunge, kisha jaribu kuuzungusha. Utakaza mikono yote miwili, mabega yatasaidia, na bado matairi ya mbele yatageuka kidogo tu. Washa injini, na mtoto wa darasa la saba atayageuza kwa mkono mmoja. Kinacholeta tofauti hiyo ni pampu ndogo na oili isiyozidi sana lita 1.

Watu wengi hubadilisha oili ya injini kwa ratiba kali, lakini hii ya usukani huisahau mpaka pampu ianze kulia. Naona ni hasara ya bure. Kuibadilisha ni kazi inayofanyika nyumbani kwa jeki, stendi mbili na plaizi, ila inataka mtu aelewe kwanza kinachoendelea ndani. Asiyeelewa atafuata hatua kumi sawasawa, akakosea ya kumi na moja, na pampu nzima ikaisha siku hiyohiyo.

Kwanza hakikisha gari lako linatumia oili. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni husaidiwa na mota ya umeme. Suzuki walianza kuuza gari la namna hiyo, Cervo, mwaka 1988, na leo mfumo huo umeenea. Ukifungua boneti usione kopo dogo lenye alama ya usukani kwenye kifuniko, wala pampu yake kwenye mkanda wa injini, kwa kawaida una mota ya umeme na hakuna cha kubadilisha.

Sasa tuanzie kwenye tairi, maana mzigo wote unatoka huko. Chukua Toyota Corolla ya miaka ya 1990, gari linalojulikana kila mtaa. Upande wa mbele hubeba kilo 600 hivi, kwa kuwa injini na giaboksi vipo huko, kwa hiyo kila tairi la mbele hukandamiza ardhi kwa kilo 300. Upepo wa 32 ni sawa na kilo 2.2 kwa kila sentimita ya mraba. Gawa 300 kwa 2.2, utapata kwamba mpira unagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 136 hivi, kama kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Kwenye saruji kavu, mpira hukataa kuteleza mpaka usukumwe kwa nguvu inayokaribia asilimia 80 ya uzito unaoukandamiza. Unapogeuza usukani gari likiwa limesimama, unalisokota eneo hilo lote dhidi ya msuguano mkubwa kiasi hicho.

Gari likitembea mambo hulainika, kwa sababu kila sehemu ya mpira hugusa ardhi mara moja na kuondoka kabla haijasokotwa sana. Hesabu hiyohiyo inaeleza jambo lingine ambalo mafundi hukutana nalo kila siku: upepo ukishuka hadi 20, eneo linaloguswa hupanda kuelekea sentimita za mraba 213, na usukani unakuwa mzito hata kama oili ni mpya kabisa. Pima upepo kabla hujailaumu oili.

Chini ya injini, kati ya matairi mawili ya mbele, kuna reki: fimbo ya chuma yenye meno, inayotelezea ndani ya silinda ndefu. Ukizungusha usukani, kigia kidogo kilicho mwisho wa mhimili wake husukuma meno hayo, fimbo inakwenda kushoto au kulia, na matairi yanafuata. Kwenye fimbo hiyo kuna pistoni inayoigawa silinda katika vyumba viwili. Oili ikiingizwa kwa nguvu chumba cha kushoto, pistoni husukumwa kulia. Ikiingizwa cha kulia, husukumwa kushoto.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka uliofuata yakieleza kwamba presha ikiwekwa mahali popote ndani ya kimiminika kilichofungiwa, husambaa kwa kiwango kilekile kila upande. Mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kugandamiza iliyotumia kanuni hiyo. Kwenye reki ya gari dogo, chukulia pistoni ina eneo la sentimita za mraba 8. Presha ikifika kilo 60 kwa kila sentimita ya mraba, pistoni inasukumwa kwa 60 mara 8, yaani kilo 480. Hapo tairi halina ubishi tena.

Kimiminika kinaweza kazi hii kwa sababu molekuli zake tayari zimegusana, hazina nafasi ya kubanwa zaidi. Oili ikipewa presha ya kilo 70 kwa sentimita ya mraba hupungua ujazo kwa nusu ya asilimia moja tu. Hewa ikipewa presha hiyohiyo hubaki sehemu moja kati ya sabini ya ujazo wake. Tofauti hii ishike vizuri, maana kila uangalifu nitakaokuomba huko mbele unatokana nayo.

Pampu huzungushwa na mkanda wa injini. Ndani yake mna mapezi membamba ya chuma yanayoteleza kutoka na kuingia yakikokota oili kutoka kwenye kopo. Watu husema pampu inatengeneza presha, lakini inachotengeneza ni mwendo wa oili. Presha huzaliwa pale oili inapokutana na kizuizi. Tofauti hiyo ilimshughulisha Francis W. Davis, mhandisi aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya magari ya Pierce-Arrow huko Marekani. Mitambo ya haidroliki ya wakati wake ilihifadhi presha kubwa muda wote, na ikavuja muda wote. Akiwa kwenye karakana yake mjini Waltham, Massachusetts, Davis aligeuza wazo hilo: valvu ikae wazi, oili izunguke bure bila presha, na njia ibanwe pale tu dereva anapohitaji msaada. Mwaka 1926 alikuwa na gari linalofanya kazi hivyo. Wenye viwanda hawakuharakisha, na wanunuzi wa kawaida walisubiri mpaka mwaka 1951, Chrysler walipotoa usukani wa namna hiyo kwenye gari lao la Imperial.

Valvu yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Mhimili wa usukani haushikani moja kwa moja na kigia cha reki. Katikati yao kuna kijiti chembamba cha chuma kinachokubali kusokotwa kwa nyuzi chache tu. Kukizunguka kuna bomba mbili fupi zilizochongwa mifereji, moja ndani ya nyingine. Ya ndani imefungwa upande wa usukani, ya nje upande wa kigia. Usipougusa usukani, mifereji imekaa katikati na oili inapita kurudi kwenye kopo. Ukigeuza, tairi linagoma kwanza, kijiti kinasokotwa kidogo, mifereji inapishana, na oili inaelekezwa chumba kimoja cha silinda huku chumba kingine kikifunguliwa kurudi kwenye kopo. Tairi likigoma zaidi, msokoto unakua, njia inabanwa zaidi na presha inapanda zaidi. Tairi likishatii, kijiti kinajinyoosha na msaada unakoma wenyewe. Hakuna umeme wala kompyuta. Chuma kinachojikunja na kujinyoosha ndicho kinachoamua. Na mkanda ukikatika barabarani, kijiti kikisokotwa mpaka mwisho wake hugusana na kizuizi cha chuma, na mkono wako unaendelea kuigeuza reki, ila kwa jasho. Mtu aliyebuni vile alikuwa anafikiria usalama wa watu asiowajua.

Oili hii huzeeka, na adui yake mkubwa ni joto. Ukizungusha usukani mpaka mwisho na kuushikilia hapo, oili haina pa kwenda, presha inapanda mpaka valvu ya usalama ifunguke. Tuseme pampu inasukuma lita 6 kwa dakika dhidi ya presha ya kilo 80 kwa sentimita ya mraba. Hiyo ni nguvu ya wati 800 hivi, inayokaribia ya pasi ya umeme, na yote inageuka joto, kwa kuwa hakuna kinachosogea. Mbaya zaidi, valvu ya usalama kwa kawaida imo ndani ya pampu yenyewe, kwa hiyo oili kidogo huzungukazunguka palepale ikichemka badala ya joto kugawanywa kwenye lita nzima. Ndiyo maana sekunde 5 ni nyingi za kuushikilia usukani mwisho kabisa.

Kanuni ya makadirio inayotumiwa na wanakemia inasema kwamba oili ikizidi joto kwa nyuzi 10, kasi yake ya kuungana na oksijeni inakaribia kuongezeka maradufu. Zao la muungano huo ni asidi na utando unaoganda. Ongeza unga wa chuma unaotoka kwenye pampu na chembe za mpira zinazobanduka kwenye paipu na sili, na kumbuka kwamba mfumo huu mara nyingi hauna chujio ila wavu mdogo chini ya kopo. Uchafu hauna pa kutokea mpaka mtu autoe. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: oili nzima ya aina ya ATF, yaani ile ya giaboksi ya otomatiki, ni nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa kahawia imechoka. Ikiwa nyeusi yenye harufu ya kuungua, umechelewa, lakini bado inafaa kubadilishwa. Ikiwa na rangi ya waridi kama iliyochanganywa na maziwa, ina hewa au maji. Vitabu vingi vya magari havitaji muda wa kuibadilisha; mimi napendekeza kila kilomita 60,000, na kwa gari lililotumika lililotoka Japani, mara tu linapofika mikononi mwako, kwa kuwa historia ya oili yake huijui.

Aina ya oili isomwe kwenye kifuniko au kitabu cha gari. Toyota nyingi za zamani zinataka ATF ya Dexron II au III. Honda wana oili yao na wanasisitiza isichanganywe. Baadhi ya magari ya Ujerumani hutumia oili ya kijani ya CHF 11S. Usiweke oili ya breki hata tone: ile imetengenezwa kwa kemikali za jamii nyingine, huvimbisha na kulainisha mpira wa sili ambao umeundwa kuishi na oili ya petroli. Gari lililowekewa oili ya breki kwa bahati mbaya lisiwashwe kabla halijasafishwa lote.

Nunua lita 2. Tafuta sehemu ya tambarare, kaza hendibreki, weka mawe nyuma ya matairi ya nyuma, inua mbele kwa jeki na ukalishe gari kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi. Gari huteleza juu yake bila onyo. Sababu ya kuinua umeshaiona: tairi lililo hewani halina msuguano na ardhi, kwa hiyo utaweza kuzungusha usukani injini ikiwa imezimwa.

Nyonya oili iliyo kwenye kopo kwa bomba kubwa la sindano, kisha tazama paipu zinazoungana nalo. Ile nene inashuka kwenda kwenye pampu, usiiguse. Nyembamba ya mpira mtupu, iliyoshikwa na klipu ya kawaida, ndiyo inayorudisha oili kutoka kwenye reki. Yenye ncha za chuma zilizobanwa kiwandani na kufungwa kwa nati ni ya presha, nayo pia iachwe. Bana klipu kwa plaizi, chomoa paipu ya kurudishia taratibu huku ukiizungusha, ziba mdomo wa kopo uliobaki wazi kwa kipande cha mpira chenye boliti ndani, na uelekeze paipu kwenye chupa ya maji tupu inayoonyesha kilichomo.

Jaza kopo oili mpya. Msaidizi akae kwenye kiti, funguo zikiwa zimefungua usukani lakini injini imezimwa, auzungushe polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Pistoni itasukuma oili ya zamani kutoka chumba kimoja na kuvuta mpya kwenye kingine. Sehemu ya oili huzunguka ndani kwa ndani kupitia valvu, kwa hiyo kazi haina haraka. Kazi yako wewe ni moja, kuhakikisha kopo halikauki. Wapo mafundi wanaowasha injini ili iende upesi. Fanya hesabu: lita 6 kwa dakika ni mililita 100 kwa sekunde, na kopo la mililita 300 linaisha kwa sekunde 3. Baada ya hapo pampu inameza hewa, na mapezi yake yanasugua chuma kwa chuma. Mimi siwashi. Endeleeni hivyo mpaka kinachotoka kiwe chekundu na safi, kwa kawaida baada ya lita moja na nusu hivi, kisha rudisha paipu na klipu yake.

Kama gari ni la zamani na paipu zimekauka hadi kupasukapasuka, ningekushauri usizichomoe. Nyonya tu kopo kwa bomba la sindano, jaza, endesha siku mbili tatu, urudie. Mfumo ukiwa na lita 1 na kopo mililita 300, kila mara unabakiza asilimia 70 ya iliyochoka: baada ya mara moja 70, halafu 49, 34, 24, 17, na mara ya sita 12. Utakuwa umetumia lita 1.8 na bado masalia yapo, lakini hujachokoza mpira uliozeeka.

Sasa hewa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na pia ndipo ninapoomba subira yako. Baada ya kurudisha paipu, viputo vimebaki ndani. Kiputo chenye upana wa milimita 1 kwenye oili ya joto la kawaida hupanda kwa karibu milimita 9 kwa sekunde, kwa hiyo huvuka sentimita 5 za oili kwa sekunde sita hivi. Kiputo cha upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita hakipandi kwa kasi ya sehemu moja ya kumi, bali sehemu moja ya mia, kwa sababu kasi hufuata upana ukizidishwa kwa wenyewe. Safari ileile inakichukua dakika tisa. Pampu inayozunguka hukatakata viputo vikubwa kuwa vidogo, na kutoka hapo oili inageuka povu ambalo halitoki kirahisi. Kiputo kikiingia kwenye presha kinasagika ghafla na kukishambulia chuma. Ule mlio wa pampu kama inalia ndio huo.

Kwa hiyo, injini ikiwa bado imezimwa na matairi bado yako hewani, jaza kopo, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara 15 au 20, ukisimama kidogo kila upande bila kubana. Tazama ndani ya kopo, viputo vitakuwa vinapasuka juu. Ongeza oili inaposhuka. Viputo vikiisha, acha gari likae nusu saa, kisha washa injini, liache lingurume bila kugusa usukani kwa dakika moja, halafu geuza taratibu pande zote. Ukisikia mlio au ukiona povu, zima na usubiri tena. Oili ikibaki safi na tulivu, shusha gari.

Pima kiwango mara mbili, siku hiyo na asubuhi inayofuata gari likiwa la baridi. Oili hutanuka: lita 1 ikipanda nyuzi 50 huongezeka mililita 40 hivi, na ndiyo maana makopo mengi yana alama ya baridi na ya moto. Ukijaza mpaka alama ya moto gari likiwa baridi, oili itamwagika kwenye mkanda wa injini, na mkanda uliolowa oili huteleza.

Oili ya zamani irudishe kwenye chupa ya ile mpya, uifunge, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu. Isimwagwe mtaroni wala kwenye shina la mnazi.

Wiki zinazofuata tazama kiwango kila unapopima oili ya injini. Mfumo huu umefungwa. Oili haitumiki wala haiungui, kwa hiyo ikipungua imevuja. Papasa chini ya maungio ya paipu uliyoyagusa, kisha bonyeza vile vifuniko vya mpira vyenye mikunjo kwenye ncha mbili za reki. Vikiwa vimejaa oili, sili za reki zimekwisha, na oili mpya itaendelea kutoka hapohapo mpaka sili zibadilishwe au reki yenyewe.